Inacheza Bado

Bibi yangu Kanyere alitandika kitanda yetu kwa ajili ya bunduki. Mimi ni fundi wa tour, ile mashine ya kuzungusha chuma na kuichonga. Yangu ilikuwa ndogo, ilikaa mu nyumba pembeni ya meza ya kulia. Mutaa yote ya Mudzipela walinijua: vyuma vya moulin ya kusaga, pompe ya maji, baiskeli. Mu 2003 wakubwa wa vita walikuwa wanapokezana muji kama watu wanapokezana kiti, na siye tulikuwa vumbi chini ya ile kiti. Leo wamevaa costume na tai, wanatuomba kura.

Siku moja sikukuwa ku nyumba. Floribert, mulinzi wa commandant mumoja, akamuachia Kanyere maneno: "Mama, ambia muzee, kesho asubui commandant anataka chambre. Itengenezwe muzuri, makosa hata kidogo hapana. Kama hapana, mutaona."

Siye tulisikia chumba ya kulala, na tulijua vile walikuwa wanafanya: wanachagua nyumba, wanaingia, weye unatoka. Nilimukuta Kanyere anafua mashuka ya ndoa, yale meupe yenye tulikuwa tunawekea wageni. Analia, anafua.

"Akilala muzuri," akasema, "pengine hatatufukuza."

Asubui Floribert akakuja peke yake, mutu munene, macho mekundu, gunia ku bega. Kanyere akamufungulia mulango ya chumba.

"Chambre ni hii, baba. Commandant iko wapi?"

Floribert akaangalia kitanda, akamuangalia Kanyere, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama! Chambre ya bunduki! Fasi risasi inalala, si fasi ya commandant!"

Akatoa mu gunia mututu mupya wa bunduki ya kuwindia, na kisu ya kupanulia tundu. Nilipashwa kufungua nyuma ya mututu, risasi ikae ndani sawasawa.

"Nani atapiga?" Kanyere akauliza.

"Mimi. Hii iko ya mbali. Toka kule kilima mpaka ku soko."

Alisema vile mutu anataja bei ya chumvi. Élise, mudogo wa Kanyere, anauza sombe, majani ya muhogo, mu ile soko kila siku.

"Itakawia," nikasema.

"Nitangoja." Macho yake ilikuwa ku mashuka. "Mama, naweza kukaa kidogo? Pembeni tu?"

"Vua viatu."

Akavua. Sikuwa hata nimefunga mututu ku mashine, na yeye alikuwa amelala, bunduki yake ku tumbo. Kanyere akamufunika. Nikakasirika: "Unafunika mutu mwenye ataua ndugu yako?"

"Ni mutoto wa mutu," akasema. "Washa mashine."

Chambre inapashwa kuwa katikati kabisa. Kabla ya kukata, unazungusha mututu polepole, unaangalia kama unatikisika. Chombo yangu ya kupimia ilibebwa na waporaji, na macho yangu iliisha sababu ya kazi. Kwa hiyo Kanyere alikuwa anakaa ngambo ya mashine, anasogeza sindano karibu na chuma, anaangalia mwangaza wenye unapita katikati. Anasema, "Inacheza," nagonga kidogo na nyundo ya muti. "Inacheza," nagonga tena. Akisema, "Imetulia," nakata. Miaka kumi na moja hakukosea hata mara moja.

"Inacheza," akasema ile asubui. Nikagonga. "Inacheza." Nikagonga. Ilipita saa nzima. Basi nikainama mwenyewe, na hata na haya macho yangu nikaona: mututu umetulia kama maji mu sahani.

Nikamuangalia. Hakuinua uso.

"Inacheza bado," akasema.

Nikaelewa. Kisu ilikuwa mu mukono yangu. Dakika makumi mbili tu za kukata, na siye tungepona. Nikaiweka chini, mashine ikaendelea kuzunguka bure.

Saa ine Floribert akaamuka. "Muzee, imeisha?"

"Bado," Kanyere akajibu kabla yangu. "Inacheza. Mashine ni ndogo. Kuja uone."

Nilitaka kumufunga kinywa. Floribert akakuja miguu tupu, shavu na alama ya mukunjo wa shuka, akainama, akakamata sindano. Ule alikuwa anajua bunduki. Akaangalia sana. Mwangaza ulinyooka kama uzi mumoja. Akageuka, akaangalia kitanda, kisha Kanyere.

"Kweli, mama," akasema polepole. "Inacheza mingi."

Nikazima mashine, akarudisha mututu mu gunia, akavaa viatu. Ku mulango akasema: "Commandant akiniuliza chambre, nitamuambia niliiona. Iko muzuri. Ila ni ya kulala tu."

Baada ya siku mbili watu wa commandant wakakuja kubeba tour yangu, wakaitupa mu mutaro kule Saio. Mwaka wenye ulifuata homa ikabeba Kanyere: barrière tatu za askari mu barabara kati yetu na dawa, kila barrière na mukubwa wake. Wale siwasamehe.

Lakini ile asubui, Floribert alipokwenda, niliingia mu chumba kumugombeza Kanyere. Alikuwa amelala juu ya mashuka, anacheka na machozi.

"Acha hasira, Mumbere. Kuja uone kama hii nayo inacheza."

Nikalala pembeni yake na mavumbi yangu yote ya chuma, juu ya yale mashuka yake meupe. Kitanda ikalia.

"Inacheza," nikasema.

Hakunifukuza.