Nta Kwenye Bilauri za Wageni

Kabati la vyombo lilikuwa na pengo. Bilauri za wageni, zile nyembamba zenye ukingo wa dhahabu alizoletewa na marehemu mumewe, hazikuwapo. Mama mkwe hakupaza sauti. Alifuata harufu ya mishumaa mpaka jikoni, akamkuta mke wa mwanawe amezipanga mezani, kila moja ina nta iliyoganda chini, na yeye kashika kisu.

"Kisu ni cha kitunguu, mwanangu. Kiweke."

Binti alikiweka, macho chini. "Umeme ulikatika jana, mama. Nikaona zinasimamisha mishumaa vizuri. Sikujua ndizo za wageni."

"Hukujua, sasa unajua."

Na wageni wenyewe walikuwa wazazi wa binti, wanakuja mchana, mara ya kwanza tangu wamwoze. Binti alitaka mama yake amkute mwanamke mwenye nyumba, si mtoto aliyeharibu vyombo vya watu.

Mama mkwe angezisafisha hata akiwa amefumba macho. Lakini alivuta kigoda, akakaa. "Mikono yako, mdomo wangu."

Binti alitandika taulo ndani ya beseni, akazilaza bilauri zisigongane, akamimina maji ya uvuguvugu. Kisha akaongeza ya moto kwa kikombe, pembeni, kidogo kidogo.

"Hivyo hivyo. Glasi ni kama mtu aliyelala, ukimshtua mtakosana."

Nta ililegea, ikaachia, ikaelea juu kama utando wa maziwa. Binti akainua beseni ayamwage maji kwenye sinki.

"Mwaga," ilisema sauti kutoka kigodani, "nta igande kwenye bomba, fundi aje kutumalizia chai."

Binti alicheka, mara ya kwanza siku ile. Akazitoa bilauri, akaacha maji yapoe, akaiokota nta vipande vipande. Ukungu uliobaki kwenye glasi aliufuta kwa kitambaa laini chenye tone la mafuta ya kula, halafu sabuni, halafu maji safi.

Ilibaki moja, ambayo haikuwa mezani na wenzake. Hiyo aliitoa kwenye friza, imeviringishwa kitambaa. Aliiweka humo alfajiri umeme uliporudi, kujaribu njia ya shangazi yake. Mama mkwe, aliyekwisha kunogewa na kazi, akainyakua na kuipeleka kwenye birika la maji ya moto. Mkono ukadakwa.

"Hapana, mama. Imetoka kwenye baridi. Itapasuka."

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumshika mama mkwe mkono akiwa kazini, si mumewe, si wanawe. Binti mwenyewe alishtuka, lakini hakuuachia.

"Si umesema ni kama mtu aliyelala?" alisema taratibu.

Mama mkwe akampa bilauri. Binti aliipindua juu ya kiganja, akaigonga kitako kwa kidole. Nta ikadondoka nzima, kama kifungo cha koti. Glasi haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Mchana, mama wa binti aliinua bilauri kwenye mwanga wa dirisha. "Mkwe mwenzangu, unajua kutunza vyombo."

Mama mkwe alijiweka sawa kitini kama anayepigwa picha. "Mimi? Kazisafisha mwanangu. Tena hiyo unayonywea, mimi nilikuwa naivunja, yeye ndiye aliyenizuia."

Binti alisimama mlangoni na trei, macho sakafuni kwa adabu. Lakini mama mkwe alikiona kidevu chake kilivyopanda, na chake kikapanda pia.