Shemeji Asiyechelewa

"Huu mfumo hata ukiuamsha usingizini unajibu," Kijani alimwambia mkuu wake asubuhi ile, kwenye dirisha la dawa la kliniki. "Tumeupima mpaka wenyewe umetuchoka."

Mkuu wake, mama ambaye hacheki kabla ya chai ya saa nne, hakumtazama usoni. Alimtazama mguu. Mdomo ulikuwa unajisifu, lakini mguu ulikuwa unatwanga sakafu kana kwamba unaikomoa.

Walimpa jina la Kijani kwa sababu majaribio yake yote huwaka kijani, rangi ya kufaulu. Programu aliyoandika ilikuwa nyepesi kuielewa: dawa ya mgonjwa ikiwa tayari, mfumo unaiomba kampuni ya nje impelekee ujumbe wa simu. Na kwa kuwa huwezi kuwasumbua wagonjwa kila unapojaribu kazi yako, Kijani alitengeneza kampuni ya bandia ndani ya kompyuta, ipokee maombi na kujibu kama ile ya kweli. Akaiita Shemeji, maana haikuwahi kumkatalia kitu.

"Shemeji gani huyo hana visirani?" mkuu alimuuliza siku alipoiona. "Mfundishe kuchelewa. Mfundishe kununa. Huko nje watu wananuna."

Kijani akamfundisha. Shemeji alipochelewa kidogo tu, majaribio yakawaka mekundu kama pilipili. Kurekebisha kulitaka kazi ya kweli, na mkataba wake wa kudumu ulikuwa unaamuliwa siku ya uzinduzi. Basi akaufuta ule uchelewaji. Kwa muda tu, alijiambia. Rangi ya kijani ikarudi. Hakumweleza mtu, ila shangazi yake anayeishi naye, tena kwa kicheko, wakimenya viazi.

Na leo ndiyo uzinduzi. Shangazi mwenyewe alikuwa kwenye benchi, simu mkononi, kwani dawa yake ya presha ndiyo ilichaguliwa kufungua kazi.

Mfamasia akabonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta pakaandikwa: *Inasubiri jibu.*

Kijani akakaa. Akasimama. Akafuta kioo kwa mkono wa shati, ungedhani jibu limejificha nyuma ya vumbi.

Simu ya shangazi ikalia. "Dawa yako iko tayari," akasoma kwa sauti. Benchi zima likapiga makofi.

Lakini kioo bado kilisubiri. Kampuni ilikuwa imeutuma ujumbe. Jibu lake tu ndilo lililochelewa njiani. Mfumo, ambao haujawahi kuonja ukimya tangu uzaliwe, ukadhani haujasikika. Ukaomba tena.

Simu ikalia. Ikalia tena. Na tena.

"Nimesikia," shangazi aliiambia simu.

"Mama, hao wanakupenda," akasema mzee mmoja pembeni yake. "Mimi hata wanangu hawanitafuti hivyo."

Watu wakacheka. Mkuu hakucheka, na saa nne ilishapita. "Zima," alimwambia mfamasia. Kisha akamgeukia Kijani. "Nini hiki?"

"Ni wale wa ujumbe." Maneno yalimtoka mbio. "Wamechelewa kujibu, mfumo ukarudia. Kosa la kwao, bosi. Sisi huku tuko safi."

"Hilo la kuchelewa tulilipima?"

"Tulilipima."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Shemeji alichelewa weee, mfumo ukamvumilia." Na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mguu ukatulia.

Shangazi alikuwa amefika dirishani kuchukua dawa yake. Ujumbe uliokuwa njiani bado uliendelea kumlilia mkononi.

"Mwanangu," alisema kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake alikoweka funguo, "huyu Shemeji si ndiye yule wa kwenye viazi? Uliyesema akichelewa anakuharibia rangi, ukamkataza?"

Mguu ukaanza upya.

Mkuu akavuta kiti cha mfamasia, akakisogeza karibu na dirisha, akaketi.

"Endelea, mama," alisema. "Alimkataza lini?"