Dada Wawili na Kodi ya Karo

Fundi cherehani na dada yake mwalimu walikuwa wa tumbo moja, walilala kitanda kimoja mpaka mkubwa alipoolewa, na walikuwa wamegombana mara moja tu maishani, kisa kitana. Kwa hiyo siku kamati ya bunge ilipokuja kusikiliza maoni ya watu kuhusu kodi ya karo za shule binafsi, waliingia ukumbini wameshikana mikono, kila mmoja akijua mwenzake atasema nini.

Dada mtu alitangulia. Alikuwa akifundisha darasa la pili shule ya serikali, watoto tisini na wawili.

"Waheshimiwa, mimi nasahihisha madaftari nimesimama," alisema, "maana kiti changu wamekikalia wanafunzi wawili." Ukumbi ukacheka. "Anayeweza kulipia shule binafsi achangie kidogo na hawa wangu. Tuletewe walimu."

Akapigiwa makofi. Mdogo mtu akasimama.

"Binti yangu ni kiziwi. Mji mzima una shule moja tu inayofundisha kwa lugha ya alama, na ni ya binafsi. Wala si ya matajiri. Mimi kazi yangu kutia viraka. Alipoingia pale alikuwa na miaka sita, hajawahi kuniambia neno hata moja. Baada ya miezi mitatu akaniambia kwa vidole kwamba uji wangu una madonge." Watu wakacheka tena. "Nililia kwa furaha. Mkiitwika kodi shule ile, itakufa."

Naye alipigiwa makofi. Walipotoka nje dada mtu alimfuta jasho kwa ncha ya khanga. "Umesema vizuri, mdogo wangu."

"Na wewe, dada. Ndiyo maana naogopa."

Sheria ikapita. Shule yenye bwawa la kuogelea na shule ya vyumba vitatu zikatiwa kapu moja. Mwenye shule ya viziwi, nesi mstaafu, alijaribu kuibeba kodi mwenyewe muhula mzima, akashindwa. Alipopandisha karo, wanafunzi thelathini na wanne wakawa kumi na tisa, kisha tisa. Ndipo akawaita wazazi kuwaambia kwamba anaifunga. Aliwageukia watoto kwanza, akawaeleza kwa alama, kwa kuwa shule ilikuwa yao. Wazazi wengi hawakuzifuata alama zile. Walijua kuna msiba kwa kuona nyuso za watoto wao zikibadilika.

Binti akahamia darasa la mama yake mkubwa, akawa mtoto wa tisini na tatu. Mwalimu alimkalisha mbele kabisa, akanunua kijitabu, akajifunza alama kumi. Lakini wale wengine nao walimhitaji. Wiki za kwanza binti aliwasemesha wenzake kwa mikono. Wakamwiga huku wakicheka, wakipunga kama wafukuzao nzi. Mwezi wa pili aliacha. Akaacha na nyumbani. Mama akimuuliza kwa vidole, "Leo umejifunza nini?" anapandisha mabega.

Jioni moja fundi alikuwa anapindia suruali ya mteja alipohisi anavutwa mkono wa gauni. Binti alinyooshea kidole sufuria, akaguna. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiomba chakula kabla hajaenda shule. Fundi alizima cherehani, akampakulia, akageukia ukutani ili mtoto asimwone.

Jumapili dada mtu alipokuja alimkuta mdogo wake hajachana nywele.

"Mwalimu wa alama tumeahidiwa," alisema. "Nimeandika barua nne."

"Na hao walimu wa kodi, wamekuja wangapi?"

"Mmoja. Wa hesabu."

Fundi akaokota uzi sakafuni.

"Nilisema kweli, mdogo wangu. Wale wangu nao ni watoto."

"Najua, dada."

"Basi nilaumu! Nitukane, nisikie."

"Ningeweza kukulaumu ningeshapata nafuu."

Dada mtu aliinuka, akapiga magoti mbele ya binti aliyekuwa akichezea vipande vya kitambaa sakafuni. Kwa vidole vilivyopasuka kwa chaki akamwonyesha alama ya kuomba radhi. Aliikosea. Zamani mtoto huyu hakuna alichokipenda kama kusahihisha wakubwa. Angemshika mkono, angempanga vidole kimoja kimoja huku akitikisa kichwa kama mkaguzi wa elimu. Sasa aliitazama ile mikono kidogo tu, akarudi kwenye vitambaa vyake.

Mwalimu alibaki magotini mpaka mdogo wake alipokuja kumwinua.

Siku hizi haji tena Jumapili. Hutuma salamu, na hujibiwa kwa adabu. Binti ana miaka tisa, na darasa zima hakuna anayenakili ubaoni kwa mwandiko mzuri kama wake. Anachokinakili hakijui.