Rangi Kisimani

Chupa ya saba ilipowaka kijani, Adolphine alizima taa ya kupimia, akasubiri kidogo, akaiwasha tena. Chupa bado ilikuwa inawaka. Rangi ilikuwa hafifu, lakini ilikuwepo, na haikupaswa kuwepo.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Chumba hakikuwa na dirisha, na joto la mabati lilimshukia shingoni. Kwa miaka sita alikuwa mtunza sampuli wa mradi huu, nje kidogo ya Lubumbashi, kwenye barabara ya Kipushi. Aliosha mawe yaliyotolewa ardhini, akayapanga kwenye masanduku, na kila Jumanne alichota maji ya visima vya jirani na kuyapima kwa taa ya zambarau. Wataalamu walitafuta jibu la swali moja: je, mwamba wa huku, mita mia nne chini, unaweza kufungia taka za nyuklia kwa miaka laki moja bila kuziachia? Taka zenyewe hazikuwa zimeletwa. Wiki kumi na moja zilizopita walikuwa wameshusha rangi tu kwenye shimo la kina hicho, isiyo na sumu, inayowaka kijani chini ya taa hiyo, wakaliziba shimo kwa saruji. Hesabu zao zilisema rangi hiyo isingesogea hata hatua mia moja kabla wajukuu wa wajukuu wao hawajazeeka.

Chupa ya saba ilitoka kisima cha Mama Olive, karibu kilomita nzima kutoka shimoni.

Kwanza Adolphine alijishuku mwenyewe. Alikagua kizibo, akaitazama mikono yake chini ya ile taa, akaifuta meza upya. Huenda lilikuwa doa. Alimwomba Mungu liwe doa. Kisha akachukua chupa tatu mpya ambazo hazijafunguliwa, akaenda kwa miguu.

Olive, waliyeimba naye kwaya moja, alikuwa anavuta kamba.

"Leo unarudia? Shi ulichota asubuhi."

"Minarudia tu, Mama Olive. Kuko kintu sikuelewa."

Alisuuza kila chupa mara tatu, kama alivyofundishwa. Ya mwisho ilimponyoka, ikaelea ndani ya ndoo.

"Leo unaangusha chupa," Olive akasema. "Maji iko na nini? Batoto banakunywaka hii."

Adolphine alikumbuka karatasi aliyotia sahihi siku alipoajiriwa: matokeo hayasemwi nje ya lango. Alikitazama kikombe cha plastiki ukutani mwa kisima. Akakichukua, akachota, akanywa chote mbele ya mwenzake.

"Maji haina mubaya. Ni rangi kidogo tu, haiue muntu."

"Basi unaogopa nini?"

"Njia." Alielekeza kidevu upande wa shimo. "Ile rangi tuliweka chini sana, tukafunga. Kama imefika hapa, basi kuko njia. Na kile banataka kuweka kisha, haitakuwa rangi."

Olive aliitazama ardhi katikati ya miguu yake, kama mtu aliyesikia kitu kikitembea chini ya sakafu. Alisogea hatua mbili nyuma, ndoo ikabaki pale pale imejaa.

Aliporudi chumbani na kuwasha taa, chupa zote tatu ziliwaka.

Symphorien, mkuu wa mradi, alikuwa mtu mpole ambaye hakuwahi kumpandishia sauti. Alizitazama chupa moja moja, mlango ukiwa wazi nusu. Ijumaa alipaswa kupeleka ripoti kwa wafadhili. Ikisema mwamba umeshika, hatua ya pili, ya kuleta taka zenyewe, ingeanza.

"Ulivaa glavu?"

"Ndiyo, Docta."

"Inatokeaka, chupa kuchafuka. Andika sampuli iliharibika. Tutapima tena ripoti ikiisha kwenda."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayeomba, na hilo ndilo lililomtisha Adolphine kuliko lolote lile. Alijua jinsi kazi inavyopotea: mtu haambiwi neno, anakuta tu asubuhi jina lake halipo kwa mlinzi wa lango. Alijua pia nani anakunywa pale kisimani. Akavuta daftari.

"Nitaandika vile nimeona, Docta. Chupa ine. Kama munazania minakosa, mupime wenyewe."

Aliandika tarehe, kisima, saa, rangi. Kalamu ilikandamiza karatasi hadi ikaitoboa. Kisha akaligeuza daftari kumwelekea.

Symphorien alisoma akiwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Hakuenda kwenye taa kupima. Alivuta kiti, akakaa kwa uzito.

"Minaogopa, Mama Adolphine."

"Na miye. Tangu asubuhi."

Symphorien akatia sahihi chini ya maandishi ya Adolphine, polepole, jina zima. Baadaye akabandua ramani ukutani, akaitandaza juu ya masanduku ya mawe. Aliweka kidole kwenye shimo, akakiburuta hadi kisima cha Olive. Katikati ya hizo alama mbili hakuna aliyewahi kuchora ufa wowote.

"Kama maji ilifika hapa," alisema, "kwa nini isimame hapa?"

Kidole kikakipita kisima. Kikapita shule, kikapita soko, kikapita mstari mwembamba uliokuwa barabara ya nyumbani kwa Adolphine. Yeye alikifuata kwa macho bila kupumua, akingoja kisimame, nacho kikazidi kwenda upande wa mji, hadi kilipofika ukingoni mwa karatasi.