Kizibo na Chupa ya Maji

Pale maabara walimwita Kizibo, na jina lilimkaa. Miaka mitatu alikuwa akiunganisha molekuli za kemikali iitwayo fenoli, mbili mbili, ndani ya kiyeyusho kikali kinachonuka mpaka kwenye ngazi, na hakuna chupa aliyoigusa ikabaki wazi. Hata chai yake aliifunika.

Kisha akapata ujauzito. Mkuu wa maabara, mtu mwema asiyejua kupamba maneno, akamwambia mvuke ule na mtoto havipatani. Asipopata njia nyingine kufikia Ijumaa, kazi yote aikabidhi kwa mwenzake, yeye akapange mafaili ofisini. Kizibo alilia chooni, akanawa uso, akarudi na jagi la maji.

Haya, maji basi. Maji ya moto kiasi, chumvi ya shaba kidogo ya kuchochea, fenoli yake, na sumaku ikikoroga chini. Dawa kali aliyozoea kuunganishia aliiacha kabatini; oksijeni ya hewani ingetosha. Jumatatu, hakuna kitu. Jumanne, patupu. Jumatano alianza kuichukia hata sumaku.

Alhamisi mchana mama mkwe alimletea chakula, maana alikwisha kuapa mjukuu wake hatashinda njaa kwa ajili ya sayansi. Juu kulikuwa na vipande vya tufaha, vyeupe pe. Kizibo akauliza imekuwaje havijageuka rangi tangu asubuhi.

"Nimevifunika vikafunikika, mwanangu. Visipopata hewa vitageukaje?"

Kizibo akaacha kutafuna. Weusi wa tufaha ni fenoli zinazoshikana kwa msaada wa hewa; yeye mwenyewe huwafundisha wanafunzi hivyo. Na chupa yake, isiyonuka hata chembe, ameikaba koo siku nne kwa mazoea tu. Alicheka mpaka mama mkwe akadhani uchungu umeanza.

Akaking'oa kizibo. Saa tisa maji yalikuwa na ukungu. Jioni unga mweupe ulikuwa umetua chini. Akauchuja, akaupima, ndio wenyewe: fenoli zilizoshikana mbili mbili.

Ijumaa mkuu aliingia na barakoa usoni, karatasi ya makabidhiano mkononi. Akavua barakoa. Akanusa kushoto, akanusa kulia, akasoma daftari mara mbili.

"Kiti chako nimeshakipeleka ofisini," alisema. "Ngoja nikakirudishe."

Kizibo alibaki amesimama, mkono tumboni, akisikiliza magurudumu ya kiti yakija koridoni, na furaha ikamjaa mpaka machoni.