Mayungiyungi ya Bwawani

Daktari hakumung'unya maneno: presha ya macho ilikuwa imekula sehemu kubwa ya nuru ya fundi, na iliyoliwa hairudi. Dawa zingechelewesha tu.

Fundi alikuwa mshonaji wa magauni ya maharusi. Alimwomba kaka yake, mpaka rangi wa majumba, ampeleke kwenye ile bustani kongwe ya mimea kabla giza halijafunga. Utotoni marehemu mama yao aliwapeleka huko, na maua yote aliyowahi kuyadarizi aliyaiga kutoka kwenye bwawa lake. Kaka akasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine: mara kazi, mara mvua, mara ngazi imevunjika. Walipokwenda, mwaka ulikuwa umekatika.

Langoni kaka alitania kwamba dada yake hawezi kumpotea, atamfuata kwa harufu ya rangi. Fundi akacheka kumridhisha. Siku hizo aliona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Aliupandisha uso polepole kutoka kwenye mizizi ya mti mkubwa, na alipofika kileleni, shina lilikuwa limeshampotea.

Kaka alichuma jani la mdalasini, akalifikicha, akamsogezea puani. Fundi akausukuma mkono wake taratibu.

"Harufu sitanyang'anywa, kaka. Leo nimekuja kuona."

Bwawani mayungiyungi yalikuwa yamechanua, majani yake mapana kama masinia. Kaka alinyoosha kidole, kisha akakumbuka kwamba kidole hakisaidii. Akasimama nyuma ya dada yake, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza kidogo kidogo.

"Hapo. Umeliona?"

Fundi alikaza macho. Kulikuwa na kitu cheupe-cheupe, lakini hakujua kama ni ua au ni jua limepiga maji. Akauliza rangi yake. Kaka, aliyechanganya rangi ujana wake wote, alianza kusema pinki, akasita, akasema si pinki hasa.

"Basi tumechelewa," fundi alisema, bila hasira.

Kaka akaanza habari za daktari mwingine wa mji wa mbali, aliyemtibu mke wa rafiki yake.

"Usinipe moyo tena, kaka. Mwaka mzima nimekuwa nao. Umenichosha."

Kaka aliketi ukingoni akalia kimyakimya, akidhani haonekani. Kweli hakuonekana, ila pumzi zake zilisikika. Wakati wa kutoka fundi alijikwaa kwenye mzizi, na kwa mara ya kwanza akakubali kushikwa mkono.

Kesho yake alifungua duka kama kawaida. Akalipapasa gauni la bibi harusi lililokuwa limefika nusu, akamwita fundi mwenzake wa duka la jirani aje alimalizie. Mwenyewe akakaa kwenye benchi la wateja, akisikiliza cherehani yake ikiendeshwa na mguu wa mtu mwingine.