Neno Moja la Kumjibu Zylber

Katika semina ya Profesa Juliusz Zylber kulikuwa na sheria moja tu, na ole wake aliyeivunja. Huruhusiwi kumpinga mtu kabla hujaieleza hoja yake, uieleze kwa nguvu zote kana kwamba ni yako, mpaka mwenyewe aitikie kwa kichwa na kusema, "Ndivyo." Akisema "Sivyo," unaanza upya. Hata kama ni saa ya chakula na matumbo yananguruma, unaanza upya. Wengi waliikimbia semina hiyo. Waliobaki ungewatambua popote katika mji wetu wa viwanda, Łódź: mtu akikubishia kwenye foleni ya nyama kwa kuanza na "Kwa hiyo wewe unasema kwamba...," basi huyo kapita kwa Zylber.

Zenobia Kurek alikuwa wa Zylber kuliko wote. Baba yake alikuwa mfuma nguo kiwandani, naye aliingia chuoni na soksi za viraka, anaogopa hata kukohoa. Mzee Zylber ndiye aliyemwambia kwamba kile kichwa chake kinafikiri, na akamlazimisha akitumie. Miaka kumi na miwili baadaye Zenobia alikuwa msaidizi wake. Tasnifu yake ya pili, ile ambayo bila hiyo huwi mwalimu wa kudumu, ilikuwa imelala kabatini mwa mkuu wa kitivo ikingoja sahihi.

Ikaja Machi ile ya mwaka sitini na nane. Wanafunzi waliandamana, wakapigwa virungu, kisha wakubwa wakaanza kutafuta mchawi. Mchawi akapatikana upesi, maana nchi ile ilikuwa na mazoea yake: walikuwa Wayahudi. Zylber alikuwa Myahudi, tena mwalimu wa kuuliza maswali. Mnataka nini zaidi?

Mkuu wa kitivo, Bwana Pękala, alimwita Zenobia ofisini.

"Keti, Bibi Zenobia, keti. Chai?" Akamsogezea glasi. "Jumanne tuna kikao. Azimio la kumwondoa Zylber hili hapa, ukurasa mmoja tu. Utalisoma wewe."

"Kwa nini mimi, Bwana Mkuu?"

"Kwa sababu wewe ni mtoto wake. Nikilisoma mimi watasema Pękala ana wivu. Na kweli ninao, nikufiche nini?" Akacheka peke yake. Kisha akaligonga kabati kwa kidole. "Tasnifu nzuri sana ile. Itakuwa hasara ikizeekea humu."

Nyumbani kilikuwa chumba kimoja, na mama mkwe alilala nyuma ya pazia. Mume wake, Mietek, alikuwa anamenya viazi.

"Mzee wako ataondolewa, usome usisome," alisema. "Sasa mfukuzwe wawili ili iweje? Mshikane mikono barabarani?"

"Mietek, yule ndiye aliyenifanya mtu."

"Haya, hongera. Mtu huyo atakula nini?"

"Na mimi je?" sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Mmeniambia mkipata cheo tutapewa nyumba. Au mnataka nifie humu humu?"

Zenobia alilia akiwa ameinamia maganda ya viazi, na hapo hapo akajua kwamba atasoma.

Jumanne walimu walijaa kikaoni. Zylber alikuja na suti nyeusi, ile ile aliyoivaa siku za mitihani kwa heshima ya watahiniwa. Zenobia akasimama, karatasi mkononi. Kabla hajafungua mdomo, mzee akanyoosha mkono.

"Samahani, Bibi Zenobia. Sheria."

"Profesa, hapa si semina!" Pękala akafoka.

"Anataka kunipinga. Hajaieleza hoja yangu."

Watu wakaangaliana. Zenobia angeweza kujitia hamnazo na kusoma. Lakini miaka kumi na miwili ilikuwa imeingia mwilini. Mdomo ulifunguka wenyewe. Akaweka karatasi mezani na kuanza. Alieleza kwamba mtu hana haki ya kuamini jambo kwa sababu tu kaamriwa kuliamini. Kwamba mwalimu anayemfundisha kijana kuuliza hamfundishi kudharau, anamfundisha kuwajibika. Kwamba anayemnyima mwenzake nafasi ya kujibu kamfuta, hata kama hajamgusa. Alisema dakika kumi bila kukwama, na mtu mmoja nyuma akavua miwani na kuifuta, akaifuta tena. Haikuwahi kusemwa vizuri hivyo katika jengo lile.

Zylber alikuwa amefumba macho. "Ndivyo," akasema. "Mimi mwenyewe sijapata kuisema hivyo. Sasa una haki. Endelea."

Jamani! Kilichobaki ni kukunja magoti tu na kukaa. Angekaa! Nani angemsogelea, baada ya maneno yale? Lakini aliitwaa ile karatasi akaisoma yote, kwamba Zylber anapotosha vijana, kwamba anatumikia mabwana wa nje, neno kwa neno, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Ilipofika kupiga kura aliunyoosha mkono wake pamoja na mingine.

Vuli ya mwaka ule Zylber na mkewe Regina, wakilazimishwa kuihama nchi, walipanda gari moshi na karatasi inayosema kwamba si raia wa nchi yoyote. Aliyekwenda kuwaaga stesheni alikuwa mfagiaji wa kitivo. Aliwapelekea mkate wa shayiri na soseji, akarudi kazini, na hakumsalimia tena Zenobia mpaka alipostaafu.

Tasnifu ilitiwa sahihi. Nyumba ya vyumba viwili nayo ilikuja, ila mama mkwe hakuiona. Alifia nyuma ya pazia lake mwezi mmoja kabla ya kupewa ufunguo.

Ikafika barua kutoka Uswidi, kurasa nne, mwandiko ule mdogo ulionyooka. Zylber hakulaumu popote. Alikuwa amechukua lile azimio la kipuuzi na kulifanyia kazi kama hoja ya mtu mwenye akili. Aliandika upande wa Zenobia: kwamba huenda kweli mashaka ni mzigo mzito kwa vijana wa nchi iliyotoka vitani juzi, kwamba huenda mwalimu aliwapa maswali bila kuwapa pa kusimama, kwamba mwanafunzi anayeliona hilo ana wajibu wa kulisema hadharani, hata likimuuma. Mwisho akaandika: "Bibi Zenobia, nimejitahidi. Kama ndivyo, niandikie neno hilo moja, nami nipate kukujibu. Nina mengi ya kukujibu."

Zenobia aliisoma amesimama jikoni. Mzee alidhani yeye Zenobia alikuwa na sababu! Alimpa heshima ya kuwa na fikra, na fikra haikuwepo. Kulikuwa na kabati na pazia tu, basi. Akiandika "Ndivyo," atakuwa amemdanganya. Akiandika "Sivyo," itambidi aeleze ni vipi. Akaifungia barua kwenye droo. Alijiambia itajibiwa wiki ijayo, kisha baada ya Krismasi, kisha akaacha kujiambia.

Akawa profesa. Wanafunzi walimpenda. Sheria ile aliitumia vilevile, katika chumba kile kile, nao wakaiita sheria ya Kurek. Hakuwahi kuwasahihisha. Kitabu chake kilichosifiwa kilihusu woga: kwamba neno lililotolewa na mtu aliyebanwa si neno lake.

Mwaka wa tisa tangu barua ile kilifika kifurushi. Ndani mlikuwa na daftari lililoonekana jipya kabisa na kikaratasi cha Regina. "Juliusz alifariki mwezi wa pili. Hili lilikuwa mezani kwake miaka yote. Kila nilipomwambia aandike alisema haruhusiwi, bado hujasema ndivyo. Nimeona ni lako." Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa cha habari, *Jibu langu kwa Zenobia Kurek*. Kurasa zilizofuata zilikuwa nyeupe. Alizifunua moja moja hadi ya mwisho.

Saa nne na robo, siku ile ile, aliingia kwenye semina. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Olgierd, kijana mwenye madoadoa usoni, mkali kama wembe, na alitaka kukipinga kitabu cha mwalimu wake. Akaanza kwa kufuata sheria.

"Kwa hiyo wewe, Profesa, unasema kwamba neno la woga si la aliyelisema. Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Na kama hakuna aliyesema, basi hata aliyeumizwa hana wa kumjibu." Akasita kidogo. "Ndivyo, Profesa?"

Zenobia akafungua mdomo. Olgierd akangoja, kalamu mkononi. Wote kumi na mmoja wakangoja wakimtazama kwa heshima, kwa sababu sheria ilikuwa wazi, na mpaka yeye aseme ndivyo au sivyo, hakuna aliyeruhusiwa kutamka kitu. Walikaa hivyo hadi kengele ikalia.